Mkono mrefu bila springi imara ni hatari kwa mwendeshaji wa pikipiki ya magurudumu manne

UKIONA vyaelea, vimeundwa. Wahenga waliyanena hayo wakiwa na vyombo vya baharini akilini, lakini yanamfaa pia mtu anayetazama pikipiki ya magurudumu manne ikikwea kilima cha mchanga kana kwamba inapanda ngazi.

Kusini-mashariki mwa jimbo la California, Marekani, kuna ukanda wa vilima vya mchanga ujulikanao kama Imperial Sand Dunes, ambao wenyeji wa michezo hii huuita Glamis. Ukanda huo una urefu wa zaidi ya kilomita 60, na baadhi ya vilima vyake hufikia mita 90 hivi, kimo cha jengo la orofa 30. Huko ndiko wapenzi wa pikipiki hizi hupimana ubavu, kila mmoja akitaka kufika kileleni kabla ya mwenzake.

Pikipiki itokayo kiwandani huweza kukwea mteremko huo, ila kwa masharti. Mwendeshaji akikaza mafuta kupita kiasi, magurudumu ya mbele huinuka, chombo husimama wima na hatimaye humwangukia mwenyewe mgongoni. Uzito wa zaidi ya kilo 170 ukimshukia binadamu kutoka juu si jambo la mzaha.

Dawa ambayo mafundi wameitumia kwa miongo kadhaa ni kurefusha mkono wa nyuma, yaani ule mhimili unaoshikilia magurudumu ya nyuma. Dawa hiyo hufanya kazi. Hata hivyo, wengi huimeza nusu tu. Hurefusha mkono na kuiacha shokomzoba na springi zilivyokuwa, wakidhani kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba mkono na shokomzoba ni kitu kimoja, na anayegusa kimoja bila kingine huondoa hatari moja na kukaribisha nyingine.

Msomaji ambaye hajawahi kuona pikipiki ya magurudumu manne asidhani kwamba mambo haya hayamhusu. Yeyote aliyepanda bodaboda yenye gunia la viazi nyuma, ikikwea mlima, anajua jinsi usukani unavyokuwa mwepesi mikononi mwa dereva. Kanuni inayoinua pua ya bodaboda hiyo ndiyo inayowaangusha vijana wa Glamis.

CHIMBUKO LA PIKIPIKI HIZI

Kampuni ya Honda ndiyo iliyoanza kuuza chombo cha aina hii nchini Marekani mnamo 1970, kikiwa na magurudumu matatu makubwa yenye upepo kidogo. Chombo hicho kilipendwa sana, lakini kilikuwa chepesi kupinduka.

Suzuki ilileta pikipiki ya magurudumu manne mwanzoni mwa miaka ya themanini, na mwaka wa 1985 ikatoa QuadRacer LT250R, iliyokusudiwa mbio na wala si kazi za shambani. Honda ilijibu mwaka wa 1986 kwa FourTrax 250R. Yamaha nayo ilizindua Banshee mwaka wa 1987, yenye injini ya silinda mbili na ujazo wa cc 347. Banshee iliendelea kuuzwa Marekani hadi 2006, na hadi leo ni miongoni mwa pikipiki zinazotafutwa mno na wapenzi wa vilima vya mchanga.

Idadi ya waliojeruhiwa na kufariki ilipozidi kuongezeka katika miaka hiyo ya themanini, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani iliingilia kati. Mnamo 1988 watengenezaji walikubali, chini ya mapatano yaliyoidhinishwa na mahakama, kuacha kuuza pikipiki mpya za magurudumu matatu. Zile za magurudumu manne zilibaki sokoni, lakini suala la kupinduka halikuondoka nazo.

MKONO WA NYUMA NI NINI?

Katika pikipiki nyingi za michezo za aina hii, magurudumu mawili ya nyuma hushikwa na ekseli moja nzima isiyogawanyika. Ekseli hiyo hupita katika ncha ya mkono wa nyuma. Ncha ya pili ya mkono imefungwa kwenye fremu kwa bolti kubwa na beringi, hivi kwamba mkono huweza kupanda na kushuka kama mlango ulio kwenye bawaba.

Kinachouzuia mkono usipande ovyo ni shokomzoba moja iliyo katikati. Shokomzoba hii ina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Springi hubeba uzito na kurudisha mkono mahali pake. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta kupitia vijitundu vyembamba, na mafuta hayo ndiyo yanayopunguza kasi ya springi ili chombo kisirukeruke kama mpira.

Mwendo wa injini hufikishwa kwenye ekseli kwa cheni, na breki ya nyuma vilevile hukaa kwenye ekseli. Kwa hiyo ekseli ikisogezwa nyuma, cheni na breki lazima zifuate.

KWA NINI PUA HUINUKA?

Chombo chochote kina mahali ambapo uzito wake wote, pamoja na wa mpandaji, huweza kuhesabiwa kana kwamba umekusanyika. Mahali hapo ni kitovu cha uzito. Maadamu kitovu hicho kiko mbele ya ekseli ya nyuma, uzito huivuta pua chini. Nguvu ya magurudumu inayosukuma chombo mbele hufanya kinyume chake: kwa kuwa husukuma chini kabisa ardhini, ilhali kitovu kiko juu, huivuta pua juu.

Chukulia mfano wa pikipiki yenye kilo 175 na mpandaji wa kilo 85, jumla kilo 260. Chukulia pia kwamba umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni sentimita 128, kama ilivyo katika Banshee, kwamba kitovu cha uzito kiko sentimita 60 kutoka ardhini, na kwamba kiko sentimita 55 mbele ya ekseli ya nyuma.

Kwenye mteremko wa digrii 30, ambao unakaribia ule ambao mchanga mkavu unaweza kuhimili bila kuporomoka, pua ya pikipiki hii itaanza kuinuka magurudumu yakisukuma kwa nguvu ya kilo 206 hivi. Lakini kilo 130 kati ya hizo hutumika kuzuia chombo kisirudi chini. Zinazobaki kwa ajili ya kuongeza kasi ni kilo 76 pekee. Injini ya michezo yenye matairi yanayouma mchanga vizuri huzimaliza hizo kwa urahisi.

Sasa mkono urefushwe kwa sentimita 20, takriban inchi 8. Kwa vile ekseli na magurudumu yenyewe yana uzito, kitovu nacho husogea nyuma kidogo, kwa sentimita mbili hivi. Hata hivyo, umbali wake kutoka ekseli ya nyuma huongezeka kutoka sentimita 55 hadi karibu 73. Pua sasa haiinuki hadi nguvu ifike kilo 273. Ukiondoa zile 130 za kupigana na mteremko, zinabaki kilo 143.

Kwa maneno mengine, sentimita 20 za chuma karibu zimeongeza maradufu nguvu anayoweza kuitumia mwendeshaji kabla ya hatari kuanza. Ndiyo sababu mikono iliyorefushwa kwa inchi 4, 6, 8, 10 na hata zaidi huuzwa kwa wingi nchini Marekani.

WENZO NI MSUMENO

Tatizo ni kwamba mkono wa nyuma ni wenzo, na wenzo, kama msumeno, hukata mbele na nyuma.

Mtu anayejaribu kung'oa jiwe kwa mtaimbo anajua kwamba mtaimbo mrefu humwongezea nguvu. Gurudumu nalo ni kama mtu huyo. Mkono ukirefushwa ilhali shokomzoba imefungwa palepale ilipokuwa, gurudumu hupata mtaimbo mrefu zaidi wa kuibonyezea springi.

Ikiwa mkono wa awali ulikuwa na urefu wa sentimita 45 kutoka bolti ya fremu hadi ekseli, na sasa una 65, basi nguvu ya kilo 300 iliyohitajika hapo awali kwenye magurudumu ili kuibana shokomzoba hadi mwisho sasa inakuwa kilo 208 tu. Ni kweli kwamba magurudumu ya nyuma hubeba uzito mdogo kidogo kuliko zamani, kwa kuwa yamesogea mbali na kitovu. Katika mfano huu upungufu huo ni asilimia 11. Lakini uwezo wa kuhimili umepungua kwa asilimia 31. Hesabu haziwiani.

Ugumu wa springi unaohisiwa kwenye gurudumu huathirika hata zaidi, kwa sababu wenzo huingia katika hesabu mara mbili. Kwanza, gurudumu hupata nguvu zaidi juu ya springi. Pili, kila sentimita ambayo springi inabonyea humfanya gurudumu asafiri sentimita nyingi kuliko awali. Matokeo ni kwamba springi ileile huhisiwa kuwa na ugumu wa asilimia 48 tu ya ule wa kwanza, yaani chini ya nusu.

Pikipiki ambayo mkia wake ulikuwa ukishuka sentimita 7 mpandaji anapoketi, sasa itashuka karibu 13. Mkia ukizama hivyo, pua huelekea juu kwa zaidi ya digrii mbili hata kabla ya safari kuanza. Sehemu ya faida iliyonunuliwa kwa mkono mrefu inakuwa imeliwa na springi dhaifu.

Mafuta yaliyo ndani ya shokomzoba nayo hudhoofika kwa kiasi hichohicho yanapopimwa kwenye gurudumu. Chombo huanza kuyumba juu na chini baada ya kila tuta. Kwa mwendo wa pole huo ni usumbufu tu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kwenye mfululizo wa matuta ya mchanga, mkia unaoyumba huweza kumrusha mpandaji juu ya usukani.

SPRINGI MPYA, KIASI GANI?

Swali ambalo huwasumbua mafundi wengi ni kiasi cha ugumu kinachofaa. Jibu hutegemea kinachotafutwa.

Ikiwa lengo ni kuhakikisha kwamba mpandaji akiketi mkia unashuka kwa theluthi moja ya safari nzima ya gurudumu, kipimo kinachopendekezwa mara nyingi, basi springi yenye ugumu wa karibu asilimia 30 zaidi yaweza kutosha katika mfano uliotajwa. Hii ni kwa sababu safari ya gurudumu nayo imeongezeka, kutoka sentimita 22 hadi 32 hivi.

Ikiwa lengo ni kwamba gurudumu liwe na ugumu uleule wa zamani kwa kila sentimita, basi springi lazima iwe ngumu zaidi ya mara mbili. Wanaokwea vilima kwa kasi huelekea upande huu, ilhali wanaotembea jangwani siku nzima na kujali mgongo wao huelekea upande wa kwanza. Walio wengi hukaa katikati.

Kuna njia nyingine isiyohitaji springi ngumu kiasi hicho. Baadhi ya mikono mirefu hutengenezwa ikiwa na mahali papya pa kufungia shokomzoba, karibu zaidi na ekseli. Kwa njia hii uwiano wa wenzo hurudi karibu na ulivyokuwa. Lakini hapo shokomzoba yenyewe huenda ikahitaji kuwa ndefu, na mahali pa juu pa kuifungia kwenye fremu huenda pakahitaji kubadilishwa.

Wale wanaoshindana katika mstari ulionyooka pekee huchukua hatua kali zaidi. Huondoa shokomzoba kabisa na kuweka nguzo ya chuma isiyobonyea. Mkia hauzami hata kidogo, lakini chombo hicho hakifai tena kwa jambo lolote lingine. Jiwe moja au shimo moja hutosha kuuvunja mgongo wa anayekiendesha.

MAFUTA YASISAHAULIWE

Kosa la pili baada ya kuiacha springi ya zamani ni kuibadilisha springi na kuyasahau mafuta. Springi ngumu ina nguvu nyingi ya kurudi. Ikiwa vijitundu vya mafuta bado ni vile vilivyopimwa kwa springi laini, mkia utatupwa juu baada ya kila tuta kama teke la punda.

Kwa upande mwingine, mwendo wa kurudi ukizuiwa kupita kiasi, shokomzoba haipati muda wa kunyooka kati ya tuta moja na jingine. Baada ya matuta manne au matano, mkia huwa umezama kabisa, na tuta la sita hulikuta gurudumu halina pa kwenda.

Shokomzoba za kisasa zina vitufe vya kurekebishia mambo haya: kimoja cha mwendo wa kubanwa, kingine cha mwendo wa kurudi. Nyingi huwa pia na kichupa cha pembeni chenye gesi ya naitrojeni. Kazi ya gesi hiyo ni kuyaweka mafuta chini ya mgandamizo ili yasitoe povu yakipata joto. Mafuta yenye povu hupita vijituduni bila upinzani, na shokomzoba hubaki jina.

Vitufe hivyo vina mipaka. Ikiwa springi imebadilishwa sana, fundi hana budi kuifungua shokomzoba na kupanga upya visahani vinavyoziba vijitundu. Kazi hii huhitaji vifaa maalumu na usafi, na gesi iliyo ndani ni hatari kwa asiyeijua. Si kazi ya kufanyia uani.

JINSI YA KUPIMA

Kupima kama springi inafaa hakuhitaji mashine. Futi ya fundi seremala na msaidizi mmoja vinatosha.

Kwanza, mkia wa pikipiki huinuliwa hadi magurudumu yaning'inie. Kisha hupimwa umbali kutoka katikati ya ekseli hadi alama moja kwenye fremu, juu yake. Pili, pikipiki hushushwa chini bila mtu na umbali uleule hupimwa. Tatu, mpandaji hukalia akiwa amevaa kofia ya chuma, viatu na mavazi yake yote, na umbali hupimwa tena.

Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha tatu ndicho kiasi ambacho mkia hushuka chini ya mzigo. Kikizidi theluthi ya safari kwa mbali, springi ni laini au haijakazwa vya kutosha.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Huikaza nati ya springi mpaka kipimo cha tatu kipendeze, na kutangaza ushindi. Lakini kukaza nati hakubadilishi ugumu wa springi. Huinua mkia tu. Kipimo cha pili ndicho kinachofichua siri. Ikiwa pikipiki pekee yake haishuki hata kidogo, ilhali ikiwa na mtu inashuka vizuri, basi springi ni laini mno na imekazwa kwa lazima. Inafaa kubadilishwa.

CHENI, BREKI NA BOLTI

Mkono ukirefushwa kwa sentimita 20, cheni huhitaji kuongezwa sentimita 40, kwa kuwa hupita juu na kurudi chini. Kwa cheni ya aina ya 520, inayotumiwa na pikipiki nyingi za michezo, hiyo ni pingili 26. Ni heri kununua cheni nzima ya urefu unaotakiwa kuliko kuunga vipande, maana cheni iliyochakaa na mpya hazilingani na huila sproketi kwa haraka.

Cheni ndefu pia hupigapiga. Bila kitelezeo au gurudumu dogo la kuiongoza, huusugua mkono hadi kuukata, au huchomoka kwenye sproketi. Ulegevu wake hauna budi kupimwa mkono ukiwa mahali ambapo cheni hukazika zaidi, wala si pikipiki ikiwa imening'inizwa tu.

Mpira wa breki ya nyuma nao ni lazima uwe mrefu. Fundi anayeunyoosha ule wa zamani kwa sababu “umefika” anasahau kwamba mkono hushuka na kupanda. Siku gurudumu litakaposhuka hadi mwisho hewani, mpira huo utavutwa, na mwendeshaji atagundua kwamba hana breki akiwa tayari anateremka.

Kisha kuna fremu. Mkono mrefu hupeleka nguvu kubwa zaidi kwenye bolti yake na mahali shokomzoba ilipofungwa, maeneo ambayo yalipimwa kwa mkono mfupi. Nyufa huanzia hapo. Yapaswa kusafishwa na kukaguliwa mara kwa mara, na beringi kutiwa grisi.

KUCHOMELEA AU KUNUNUA?

Fundi stadi anaweza kuukata mkono wa chuma na kuuongezea kipande. Lakini kuna mambo mawili yasiyosamehe kosa.

La kwanza ni unyoofu. Ekseli lazima iwe sambamba na bolti ya fremu. Ikipotoka kwa milimita chache tu, pikipiki huvuta upande mmoja na cheni huliwa ubavuni. Kwa hiyo mkono hufungwa kwenye kishikizo imara kabla ya kukatwa, na hautolewi hadi upoe.

La pili ni aina ya madini. Alumini iliyoimarishwa kiwandani kwa joto hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kando ya mahali ilipochomelewa, isipoimarishwa upya. Macho hayawezi kuona udhaifu huo. Mkono huonekana mzima hadi siku ya kuvunjika. Asiye na uhakika na anunue mkono uliotengenezwa na kupimwa kwa urefu huo.

SI WOTE WANAOUHITAJI

Licha ya sifa zote hizi, mkono mrefu si pambo. Pikipiki ndefu hukata kona kwa shida. Anayepita vijia vya msituni au kushindana katika viwanja vyenye kona na miruko hunufaika zaidi na mkono wa kiwandani ulio na shokomzoba bora.

Isitoshe, ule uzito unaohamia nyuma pikipiki inapoongeza kasi ndio unaoyakandamiza magurudumu yashike ardhi. Mkono mrefu hupunguza uhamisho huo. Ukirefushwa kupita kiasi, pua hutulia kabisa, lakini magurudumu huzunguka bure na chombo hakiendi. Wanaokwea mchanga huziba pengo hilo kwa matairi yenye mapezi mithili ya kasia. Mwenye matairi ya kawaida hana kinga hiyo. Ndiyo maana inchi 4 zaweza kumfaa mtu mmoja na inchi 10 zikamharibia mwingine.

Wala mkono mrefu haugeuzi mwendeshaji mzembe kuwa stadi. Kuinama mbele wakati wa kukwea, kuachilia mafuta pua inapoanza kuwa nyepesi, kuvaa kofia ya chuma na kutobeba abiria kwenye kiti cha mtu mmoja bado ndizo kinga za kwanza. Mkono na shokomzoba humpa mtu muda zaidi wa kurekebisha kosa lake, lakini haviliondoi kosa lenyewe.

Somo hili halikomei kwenye majangwa ya Marekani. Bodaboda inayobeba mzigo uliopita nyuma ya ekseli yake imehamisha kitovu cha uzito kama vile mkono wake ulivyokatwa ukafupishwa. Mwenyewe anaweza kwenda kwa fundi akaongezewa springi ngumu, na mkia usizame tena. Lakini springi hiyo haitairudisha pua chini mlimani. Kwake yeye, dawa ya kwanza haihitaji fundi wala fedha: ni kuusogeza mzigo mbele ya ekseli, na uliobaki kuurudia safari ya pili.